Kopo la Vipande

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye kuanzia kesho yake hana mahali pa kuwahi. Nawashukuru. Ila tulipokuwa tunakula pilau nilimsikia mmoja wenu, sitamtaja, akimwambia mwenzake kwamba walimu wa muda wakatizwe kazi muhula ukiisha, kisha waandikwe upya chuo kikifunguliwa, ili tusilazimike kuwachangia pensheni. Alisema kwa sauti ya mtu aliyevumbua moto. Nikaendelea kutafuna nyama yangu. Jambo hilo si geni, vijana wangu. Nililikuta ofisini humo humo, nikaliona likistawi, na nikaliona likizikwa. Kwa kuwa mliniomba niandike ya kazini, naandika hilo. Vyeo na mishahara yangu mtaikuta kwenye jalada langu, kama panya wamesaza kitu.

Nilifika miaka michache baada ya Uhuru. Nilitoka Igalula kwa gari moshi hadi Tabora na sanduku la bati, nimevaa viatu vya kuazima vilivyonibana hadi nikatembea kama bata. Kupiga chapa nilikuwa nimefundishwa na masista. Chuo, ambacho leo mnakiita chuo kikuu na kukiwekea geti la umeme, kilikuwa majengo machache, bwalo, jiko la kuni na shamba la mahindi. Ofisi ya mishahara ilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya wino na popo. Nyuma ya meza kubwa alikaa karani mkuu, Mzee Kondo, Mzaramo wa Kisarawe. Alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi, na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa alivaa kanzu nyeupe pee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Jina lako?"

"Kalunde."

"Kalunde wa wapi?"

"Igalula, mzee."

Akaweka kalamu chini. "Mnyamwezi! Nimeomba karani, wameniletea mpagazi! Na mzigo uko wapi? Babu yako alimbebea babu yangu pembe kutoka hapa mpaka Bagamoyo, wewe unaniingilia na kisanduku?"

Machozi yalinilengalenga. Kisha nikakumbuka bibi yangu alivyotuambia kuhusu watu wa pwani, nikasema, "Babu yangu alibeba, mzee, kwa sababu babu yako alikuwa amelala chini ya mnazi anangoja nazi imdondokee mdomoni."

Alicheka mpaka miwani ikamtoka. "Huyu atafaa," akamwambia ukuta, maana humo ndani hamkuwa na mtu mwingine. Tangu siku hiyo mpaka kufa kwake hakuniita Kalunde ila siku za wakaguzi. Nilikuwa Mpagazi.

Ninyi mnadhani utani ni kuchekeshana tu. Utani wetu na Wazaramo ulizaliwa katika njia ya misafara, watu walipotembea miezi kutoka Tabora hadi pwani na kurudi. Mpagazi akiugua mbali na kwao, hana ndugu, mtani ndiye atakayemwuguza. Akifa, mtani ndiye atakayemzika. Na kwa sababu mtani anabeba zigo hilo, ana ruhusa ya kusema lolote mahali popote, hata msibani, na ukimkasirikia wewe ndiye huna adabu. Shikeni hilo, tutalihitaji mbele.

Kazi yenyewe tuliifanya kwa mashine ya kujumlishia yenye mkono. Ukivuta mkono, mashine ilipiga kelele kama mlango wa ghala, na ukikosea hesabu ilikuwa haikwambii, inapiga kelele ile ile. Sehemu kubwa ya kazi yetu ilikuwa vibarua: wapishi, wapasua kuni, wafagiaji, walinzi, wakata majani. Mzee Kondo alikuwa na utaratibu wake kwa siku ya malipo, na mimi sijauona mahali pengine. Kwanza aliagiza mabenchi yatolewe bwaloni yapangwe nje ya dirisha letu. "Mtu hapokei jasho lake amesimama kama mkosaji," alisema. Pili, karani ndiye aliyeanza kusalimia, si kibarua. Tatu, mtu akishatia dole gumba kwenye wino, Mzee Kondo mwenyewe alilifuta lile dole kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, moja baada ya moja, hata kama foleni ilifika kisimani. Wakubwa walimcheka. Mimi nami nilimcheka kidogo, moyoni, mpaka siku nilipomwona mlinzi mmoja mzee akitazama dole lake safi namna mtu anavyotazama kitu alichorudishiwa.

Wiki yangu ya pili akanipeleka jikoni. "Huwezi kumlipa mtu usiyejua anafanya nini. Nenda kasonge ugali."

Nikasonga. Yaani nilijaribu. Mpishi mkuu alikuwa Mama Nyamizi, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mchimba visima, asili yake Ipole kwenye mizinga ya nyuki. Mwiko wake ulikuwa na urefu wa mpini wa jembe, na sufuria yake ungeweza kumwogeshea ndama. Mumewe, Mzee Mayunga, alipasua kuni za jiko hilo hilo nyuma ya ukuta. Alikuwa mtu wa maneno machache, labda kwa sababu mkewe aliyatumia yote. Niliposhindwa kugeuza ugali mara ya tatu, Mama Nyamizi alininyang'anya mwiko. "Toka, mwanangu. Kalamu nayo ni kazi, ndiyo, lakini haina ukoko." Jioni mikono ilinitetemeka kiasi cha kushindwa kufunga kitenge. Kuanzia hapo, kila nilipoandika jina lake nililiandika kwa mwandiko mzuri.

Sasa niwaeleze kuhusu vipande. Kila kibarua alikuwa na kipande cha bati chenye namba, kimetobolewa tundu na kutiwa kamba, akivaa shingoni. Siku wanafunzi walipofunga, vibarua wote walipanga mstari wakarudisha vipande vyao, na mimi nikavitia kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga na kulifungia kabatini. Kuanzia dakika hiyo hawakuwa watu wa chuo. Chuo kikifunguliwa wanapanga mstari tena, wanavaa vipande, wanaandikwa kama watu wapya. Mama Nyamizi alikuwa anapika hapo tangu enzi za mkoloni, lakini kwa hesabu za chuo hakupata kuwa na umri wa kazi unaozidi muhula mmoja. Wenyewe walikwishazoea. Walikuja siku ya kufunga na vipande vimesuguliwa kwa majivu vikang'aa, kama mtu anavyorudisha sufuria ya jirani.

Ulipoanzishwa mfuko wa akiba ya uzeeni, ndipo kopo lile likawa na meno. Mtumishi alikatwa kidogo, mwajiri akaongeza kiasi kile kile, na akistaafu anapewa chake. Lakini mfuko ulikuwa kwa mtumishi asiyekatizwa kazi. Sisi wa ofisini tukaingia. Walimu wakaingia. Vibarua wakabaki nje. Mzee Kondo alikaa na jambo hilo juma zima bila kunitania hata mara moja, nikadhani anaumwa.

Likizo yake ya mwaka huo hakwenda Kisarawe kula nazi. Alikwenda moja kwa moja Dar es Salaam, akapanga foleni kwa watu wa mfuko kama raia yeyote, akarudi na jibu. "Wamenijibu vizuri tu," aliniambia huku akining'iniza koti. "Asiyekatizwa achangiwe. Anayekatizwa hawana la kumfanyia. Na nani anawakatiza? Sheria? Hapana, Mpagazi. Ni wewe na kopo lako la maziwa."

"Mimi natumwa, mzee."

"Najua. Hata punda hutumwa."

Akamwendea Mkuu wa Chuo. Msije mkamfikiria Mkuu vibaya. Alikuwa mtu wa kaskazini, mpole, msomi, na Azimio lilipotangazwa alikuwa wa kwanza kushika jembe shambani pamoja na wanafunzi, na alilishika kweli, malengelenge tuliyaona. Alitaka wote tuitane ndugu, na akimwita mfagiaji ndugu alikuwa anamaanisha. Lakini alikuwa anaiogopa bodi ya chuo, na bodi ilikuwa na swali moja tu kwa kila jambo: fedha zitatoka wapi? Kila muhula Mzee Kondo aliingia kwa Mkuu akamwomba asikusanye vipande, na kila muhula akatoka na jibu lile lile: nakuelewa, mzee wangu, lakini vuta subira. Karani mkuu akishaambiwa hivyo na Mkuu wake, anasema ahsante anafunga mlango. Hiyo ndiyo ofisi.

Miaka ikaenda. Moshi ulianza kuyala macho ya Mama Nyamizi, akawa anapima chumvi kwa kulamba badala ya kutazama. Kisha ikaja ile kazi ya kuhamia vijiji, na ndugu zao Mayunga wakahamishwa kutoka mashamba yao ya zamani. Mwenye nguvu alijenga upya, akalima upya. Mayunga na mkewe walikuwa na umri wa kupumzika, si wa kung'oa visiki. Shamba walilokuwa wamelitegemea kwa uzee halikuwepo tena, na akiba ya uzeeni hawakuwa nayo. Siku moja ya kufunga chuo Mama Nyamizi alivua kipande chake, akakishikilia mkononi hapo dirishani, na kuniuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye serikali.

"Kalunde mwanangu, wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe mlinipa zamani. Mbona bado mgeni?"

Nilinyoosha kopo, naye akadondosha bati lake ndani. Mumewe alikuwa nyuma yake. Alidondosha lake bila neno, akanipa na kifurushi cha michembe, viazi vitamu vya kukausha, kwa ajili ya likizo, kama alivyofanya kila mara.

Likizo ile ile Mzee Mayunga alishikwa na kifua, akafa. Habari ilitufikia asubuhi. Mzee Kondo alikwenda kwa bwana stoo kuomba lori na mbao za sanduku, kama ilivyofanyika kwa mtumishi yeyote aliyefariki. Bwana stoo akamjibu neno moja: "Hayumo." Mzee Kondo akaenda kwa Mkuu, na mimi nilikuwepo, nimepeleka barua za kutiwa sahihi.

"Mzee Kondo, naumia," Mkuu alisema, na uso wake ulionyesha hivyo. "Lakini kwa leo Mayunga hakuwa mtumishi wetu. Nikitoa lori kwa asiye mtumishi, kesho nitajibu nini? Mazishini nitakuja mwenyewe."

"Ahsante, Ndugu Mkuu," Mzee Kondo akasema, akafunga mlango.

Nilimkasirikia. Nakiri nilimkasirikia sana, nikaona mzee wangu amekwisha, amekuwa ahsante tupu. Mbao za sanduku alizitoa Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa mjini, zilikuwa za makasha ya chai, na upande mmoja wa sanduku maandishi ya chai yalisomeka mpaka kaburini.

Kesho yake Mzee Kondo alikuja msibani amevaa kanzu ya Ijumaa, na haikuwa Ijumaa. Mayunga alikuwa Mkristo, hivyo wanawake tulikwenda makaburini pamoja na wanaume. Lori halikuwepo. Vibarua walimbeba mwenzao mabegani, wakipokezana, barabara yote yenye mchanga. "Wanyamwezi mmerudia kazi yenu!" Mzee Kondo aliwapigia kelele njiani. "Shika vizuri, usiniangushie mzigo!" Wafiwa wakacheka katikati ya kilio, maana mtani kazi yake ni hiyo.

Mkuu alikuwepo, kofia mkononi. Katekista alimaliza sala. Wanaume wakashika kamba wateremshe sanduku, na ndipo Mzee Kondo alipokunja kanzu, akakaa ukingoni, akajisukuma akaingia kaburini. Akaketi chini kabisa, miguu amenyoosha, mgongo ameegemeza udongo.

"Simpokei," alisema kutoka chini.

Wenyeji wote walielewa. Katekista akafunga kitabu, akasubiri zamu ya mtani iishe. Watu wakaanza kurusha senti kaburini, kama desturi inavyotaka. Senti zikaanza kurudi. Mzee Kondo alizirusha juu moja moja.

"Sitaki senti za maskini! Nauliza, mpagazi huyu alikuwa anabeba mzigo wa nani? Amepasua kuni mpaka mgongo umekuwa upinde, zilikuwa za kupikia kwake? Mwenye msafara yuko wapi?"

Mkuu alisogea kwangu, akaninong'oneza. Kwao hawana utani na sisi, alikuwa haelewi kama mzee amepatwa na wazimu au vipi. "Anataka nini?"

"Anamtaka mwenye msafara, Ndugu Mkuu. Asipotokea, mtu hazikwi."

"Na mwenye msafara ni nani?"

Nilitazama viatu vyangu. Wakati huo vilikuwa vyangu kweli, vya kununua, na kazi iliyonipa ndiyo niliyoiona ikiondoka. "Ni wewe, Ndugu Mkuu."

Watu walikuwa wanamtazama, naye aliwatazama wao. Nadhani ndipo alipoona kwamba wote waliozunguka lile kaburi walikuwa watu wake: wapishi, walinzi, wafagiaji, kila mmoja shingo tupu. Akatoa noti mfukoni akaielekeza kaburini. Mzee Kondo akatikisa kichwa.

"Hiyo ni yako ya mfukoni, ndugu yangu. Katumie na watoto. Nijibu tu. Huyu alikuwa mtu wako?"

"Alikuwa mtu wangu," Mkuu alisema.

"Hata likizo?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mkuu alikuwa mtu asiyesema neno asilokusudia kulitimiza, ndiyo maana alikuwa mzito wa kusema. Mama Nyamizi alikuwa amekaa juu ya kichuguu cha udongo uliofukuliwa, ameinua uso na macho yake mabovu kuelekea sauti ilikotoka.

"Hata likizo," Mkuu akasema.

"Basi kipande chake kiko wapi? Mpagazi hazikwi bila alama ya tajiri wake."

Mkuu akanigeukia. "Kalunde, kalete kipande cha Mzee Mayunga."

Dereva wake alinipeleka kwa Landrova. Niliingia ofisini mbio, nikafungua kabati, nikalitoa kopo, nikaanza kupekua. Mabati yalikuwa mengi, namba sizioni kwa machozi. Nikasema, kwani natafuta nini? Nikalipakata kopo zima kama mtoto, nikarudi nalo.

Kelele za mabati zilisikika kabla sijafika kaburini. Mzee Kondo akainua kichwa. "Mpagazi wangu! Umetumwa kimoja umeleta mzigo mzima?"

"Sisi ndivyo tunavyobeba, mtani," nikamjibu.

Mkuu alitazama ndani ya kopo kwa muda. Angeweza kuchagua kimoja akanirudishia vingine, na hakuna ambaye angemlaumu. Akaingiza mkono, akatafuta mpaka akakiona cha Mayunga, akapiga goti kwenye udongo na suruali yake ya pasi, akampa Mzee Kondo. Kisha akatoa kingine. "Hiki ni cha nani?" Nikasoma namba, nikataja jina, mwenyewe akaja akakipokea. Akatoa kingine. Tuliendelea hivyo, mimi nikitaja majina, yeye akigawa, mpaka kopo likawa tupu na nikaiona kutu ya chini yake kwa mara ya kwanza katika miaka yote niliyolitunza. Cha Mama Nyamizi alimvalisha mwenyewe shingoni. Mama Nyamizi alisema "wabeja", ahsante ya kwetu, na hakusema kingine, jambo ambalo kwa Mama Nyamizi lilikuwa muujiza.

"Haya, mtani amelipwa," Mzee Kondo akatangaza. Akajaribu kutoka, akashindwa. Shimo lilikuwa refu na magoti yake hayakuwa ya kijana. Alijaribu tena, akateleza, kanzu ikawa nyekundu kwa udongo. "Nivuteni basi, au mnataka kuzika wawili kwa gharama ya mmoja?" Watu walicheka huku wanalia. Aliyemvuta akamtoa ni Mkuu wa Chuo, na walipofika juu walishikana mikono kitambo kirefu kuliko ilivyohitajika. Ndipo Mayunga akateremshwa, kipande chake juu ya sanduku.

Nimewaza sana kuhusu siku ile. Karani mkuu aliyesema "ahsante, Ndugu Mkuu" na mtani aliyeketi kaburini walikuwa mtu mmoja. Ofisini alikuwa hana mdomo, na alijua. Akangoja mahali ambapo mdomo wake ulikuwa na haki, akautumia bila kumtukana mtu, bila kumvunjia Mkuu heshima, akamwachia nafasi ya kuwa mtu mwema mbele ya watu. Nimefanya kazi na wasomi wengi tangu hapo, na sijaona mwenye akili kama ile.

Na Mkuu naye nampa haki yake. Bodi ilipomwuliza fedha zitatoka wapi, alijibu kwamba neno lililosemwa juu ya kaburi halirudishwi, wao waseme wapunguze nini. Fedha zikapatikana, nyingine kwenye fungu la chai ya wageni. Wageni walikunywa maji na hakuna aliyekufa. Wanafunzi walipofunga tena, vibarua walikwenda likizo na vipande vyao shingoni.

Msidhani walitushukuru. Siku ya kwanza ya makato Mama Nyamizi aliingia ofisini na mwiko mkononi. "Mmenikata!"

"Tumekukata, mtani," Mzee Kondo alisema, "lakini na chuo nacho kimekatwa vile vile, kwa ajili yako."

"Chuo kimekatwa?"

"Kimekatwa."

"Kinalia?"

"Kinalia sana."

Akafikiri. "Basi endeleeni," akasema, akarudi jikoni.

Miaka ya nyuma haikurudi. Hilo liliniuma na bado linaniuma. Mayunga alipata kipande na siyo zaidi, na Mama Nyamizi alipostaafu alichopata kilikuwa cha miaka ya mwisho tu. Hata hivyo kilimwezekea nyumba bati na kumjengea vyumba viwili vya kupangisha, na aliishi kwa kodi yake bila kumwomba mtu chumvi. Kopo liko bado, kabati la kushoto, rafu ya chini kabisa, nyuma ya karatasi za mashine yenu ya kuchapia. Nimeliacha makusudi. Halina kitu. Yule wa pilau akalitazame.

Mzee Kondo alistaafu kabla yangu, na hakurudi Kisarawe. Alidai amezoea michembe. Alifariki miaka ile ya foleni, sukari ilipokuwa hadithi, na chai ya msiba wake tuliitia asali iliyoletwa kutoka Ipole na watu wa Mama Nyamizi. Alioshwa, akaswaliwa, jeneza likainuliwa uani. Wanaume walipofika mlangoni wakasimama. Mama Nyamizi, ambaye wakati huo alikuwa haoni kabisa, alikuwa amelala kizingitini, amekingama kutoka mwimo hadi mwimo, kipande cha bati shingoni.

Watu wakatabasamu, wakapapasa mifuko. Mtani lazima alipwe. Mtu mmoja akainama. "Haya, mama. Mzaramo huyu tunamdai nini?"

"Hadaiwi kitu," Mama Nyamizi alisema. "Nimelala tu achelewe kidogo kuondoka."

Hakuna aliyecheka. Shehe alitazama jua, akasema taratibu kwamba maiti haicheleweshwi. Ilikuwa kweli. Nikapita mbele, nikamshika Mama Nyamizi mikono, nikamwinua, nikamkabidhi kwa wanawake wenzetu.

Kisha nikakaa mimi mahali pake.